Ngozi ya Mgongo na Ngozi ya Tumbo

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio

Mwalimu wa darasa, tafadhali weka tayari ubao na chaki, maana leo tutafanya hesabu kidogo. Na ninyi wanafunzi, kila aliyevaa mshipi wa ngozi kiunoni, namwomba aushike sasa hivi autazame. Je, umenyooka kama siku ile uliponunuliwa, au umepinda kama mundu? Je, matundu yake bado ni ya mviringo, au yamevutika yakawa marefu? Kama umepinda, na matundu yamevutika, basi huenda fundi alikukatia mshipi wako katika ngozi ya tumbo, nawe ukalipa kama uliyenunua ngozi ya mgongo.

Mshipi wa suruali ukilegea, hasara si kubwa. Utatoboa tundu jingine, na maisha yataendelea. Lakini sasa fikiri juu ya ukanda unaoshika tandiko juu ya mgongo wa farasi. Farasi anakwenda mbio, mtu yuko juu yake, na ukanda unakatika. Mtu huyo anaanguka na tandiko lake, na pengine hatainuka tena. Ukanda ni kitu kidogo, lakini uhai wa mtu unaning'inia hapo.

Basi habari yetu ya leo ni hii: jinsi mafundi wa matandiko ya farasi walivyochagua ngozi, ili wasipoteze fedha na wasipoteze watu. Mambo hayo mawili mara nyingi hupigana. Tutakwenda mpaka Uingereza, katika mji unaoitwa Walsall, kwa sababu mji ule ulipata jina kubwa duniani kwa kazi hiyo.

Kwanza tuyajue maneno

Sisi wa Afrika ya Mashariki, wengi wetu hatukukua na farasi. Sababu yake ni mbung'o na maradhi mengine ya wanyama, ambayo yaliwaua farasi katika sehemu nyingi za nchi zetu. Punda tunao. Watu wa Lamu wamewapanda na kuwapakia mizigo tangu zamani. Hata hivyo vyombo vya farasi si vigumu kuvifahamu.

Tandiko ni kiti anachokalia mtu juu ya mgongo wa farasi. Mshipi wa tumbo hupita chini ya tumbo la farasi na kulishika tandiko lisigeuke. Mshipi huo hufungwa kwa vikanda vifupi vinene vilivyoshonwa chini ya tandiko. Vikuku vya kupandia ni vyuma viwili ambavyo mpandaji hutia miguu ndani yake, na kila kikuku huning'inia kwa ukanda wake. Lijamu ni chuma kinachoingia kinywani mwa farasi. Hatamu ni kanda ndefu zinazotoka katika lijamu mpaka mikononi mwa mpandaji. Bizimu ni chuma cha kufungia ukanda, kama kile cha mshipi wako.

Angalieni jambo moja. Karibu vyote hivi ni kanda. Kanda nyingine ni ndefu, nyingine ni fupi. Nyingine zinabeba uzito wa mtu mzima, nyingine hazibebi kitu ila kushika ncha ya ukanda mwingine isipeperuke. Kumbukeni hayo, maana ndiyo msingi wa somo letu.

Mji wa wahunzi

Walsall uko katikati ya Uingereza, karibu na mji mkubwa wa Birmingham. Zamani watu wake hawakujulikana kwa ngozi. Walijulikana kwa chuma. Katika ardhi ya upande ule kulikuwa na mawe ya chuma, makaa ya mawe, na mawe ya chokaa, na vitu hivyo vitatu ndivyo anavyovihitaji mtu anayetaka kuyeyusha chuma. Karibu na mwaka wa 1540, msafiri mmoja Mwingereza, jina lake John Leland, alipita pale, akaandika kwamba mjini mle mna wahunzi wengi na watengenezaji wa lijamu.

Kwa hiyo kwanza kulikuwa na chuma: lijamu, vikuku na mabizimu. Ngozi ilikuja nyuma. Katika karne ya 19 mafundi wa ngozi waliongezeka sana pale Walsall, maana ilikuwa rahisi kushona hatamu mahali penye lijamu na mabizimu tayari. Mfereji wa maji na baadaye reli zilileta ngozi na kuchukua matandiko yaliyokwisha tengenezwa. Matandiko ya Walsall yalipelekwa nchi nyingi ng'ambo, hata Australia na Afrika ya Kusini. Mpaka leo wachezaji wa timu ya mpira ya mji huo huitwa kwa jina la utani Watengeneza Matandiko.

Na kazi ilikuwapo tele. Mwisho wa karne ya 19 katika Uingereza mlikuwa na farasi zaidi ya 3,000,000. Farasi walivuta mabehewa ya abiria, magari ya maziwa, magari ya makaa na majembe ya shamba. Kila farasi alihitaji kanda, na kila ukanda ulikatwa kutoka katika ngozi ya ng'ombe.

Kwa nini ngozi ilikuwa ghali

Ngozi mbichi huoza. Ili isioze, lazima itiwe dawa, na kazi hiyo huitwa kudabaghi. Waingereza wa zamani walitumia magome ya mti uitwao mwaloni. Magome hayo yana dawa iitwayo tanini, ambayo huingia katika nyuzi za ngozi na kuzizuia zisioze. Sisi pia tunayo miti ya namna hiyo. Magome ya mikoko ya pwani yetu yaliuzwa ng'ambo kwa kazi hiyo, na watu wa Njombe na wa nyanda za juu za Kenya wanaujua mti wa muwati, ambao magome yake yamejaa tanini.

Dawa ya magome huingia polepole sana. Ngozi nene ya ng'ombe ililala katika mashimo ya maji ya magome kwa muda wa mwaka mzima, na pengine zaidi. Ilipotoka, ilipelekwa kwa fundi wa pili, ambaye kazi yake ilikuwa kuipunguza unene na kuisugua kwa mafuta mpaka iwe laini na isipitishe maji upesi. Fikirini basi: mwenye kiwanda amelipia ngozi leo, naye atapata fedha zake baada ya mwaka au zaidi. Ndiyo sababu ngozi nzuri ilikuwa ghali, na kila kipande kilichotupwa kilikuwa fedha iliyotupwa.

Mwaka wa 1884, huko Marekani, mtu aitwaye Augustus Schultz alipewa hati ya njia nyingine ya kudabaghi, kwa dawa ya madini iitwayo kromu. Njia hiyo ilifupisha kazi sana. Ngozi ya kromu ni njema kwa viatu. Lakini kwa hatamu na matandiko mafundi wengi waliendelea kupenda ngozi ya magome, kwa sababu haivutiki sana, na ukingo wake ukisuguliwa hung'aa na kufunga vizuri.

Serikali nayo iliangalia ngozi tangu zamani. Mwaka wa 1604 Bunge la Uingereza lilitunga sheria juu ya watu wanaodabaghi ngozi, washona viatu, na mafundi wengine wakatao ngozi. Wakaguzi waliwekwa kuitazama ngozi kabla haijauzwa. Wakubwa wa nchi waliona kwamba mnunuzi hawezi kuyajua yote yaliyofichwa ndani ya ukanda.

Ngozi moja, sehemu nyingi

Sasa tumfikirie ng'ombe. Ngozi yake ni moja, lakini si sawa kila mahali. Mungu amemjalia kila kiungo ngozi ya kazi yake. Mgongoni na matakoni ngozi ni nene, na nyuzi zake zimebanana. Tumboni ni kinyume. Tumbo la ng'ombe hupanuka akila majani, na hunywea akiwa na njaa. Tena hupanda na kushuka kila anapovuta pumzi. Kwa hiyo ngozi ya tumbo ni nyembamba, nyuzi zake zimeachana, nayo huvutika huku na huku. Tabia ile haiondoki ng'ombe akifa. Ukifanya ukanda kwa ngozi ya tumbo, ukanda huo utavutika kama tumbo lilivyovutika.

Mfanyabiashara wa ngozi huikata ngozi nzima katikati, kwa kufuata uti wa mgongo, akapata pande mbili. Kila upande huweza kuuzwa mzima, au kukatwa tena. Mwalimu, tafadhali chora ubaoni upande mmoja wa ngozi, kama ramani ya nchi ndefu. Juu ni mstari wa uti wa mgongo. Chini ni tumbo. Kushoto ni shingo na bega. Kulia ni mkia. Sasa andika majina haya.

Upande: ni nusu ya ngozi nzima, pamoja na tumbo lake.

Mgongo mrefu: ni upande uliokatwa tumbo. Umetoka begani mpaka mkiani.

Kipande cha nyuma: ni mgongo mrefu uliokatwa bega. Hiki ndicho kilicho bora kuliko vyote. Ni kinene, kigumu, na unene wake ni karibu sawa kila mahali. Lakini ni kifupi.

Bega: ni laini zaidi, na huwa na mikunjo ya shingo.

Tumbo: ni refu, jembamba, na linalegea.

Kwa makadirio tu, kipande cha nyuma ni karibu nusu ya ngozi, na bega na tumbo hugawana nusu iliyobaki.

Hesabu ya fundi

Bwana mmoja ataniuliza: "Sasa fundi anunue kipi? Si anunue kile cha bei rahisi?" Swali zuri. Lakini bei rahisi ni ipi? Tufanye hesabu. Bei nitakazotaja si za soko lolote. Ni mfano tu wa kujifunzia.

Upande mmoja una futi za mraba 24. Katika hizo, tumbo ni futi 7, bega ni futi 6, na kipande cha nyuma ni futi 11. Mwuzaji anasema hivi:

Upande mzima, shilingi 10 kwa kila futi. Futi 24 ni shilingi 240.

Mgongo mrefu, shilingi 13 kwa kila futi. Futi 17 ni shilingi 221.

Kipande cha nyuma, shilingi 16 kwa kila futi. Futi 11 ni shilingi 176.

Mtu asiyejua atatazama bei ya futi moja, akasema: "Nitachukua upande mzima, maana shilingi 10 ni chini ya 13 na ya 16." Haya, tumfuate nyumbani. Kazi yake ni kutengeneza hatamu tu. Hatamu ya kila mkono ni ukanda wenye urefu wa futi 5. Hawezi kuukata tumboni, kwa sababu utavutika na kupinda. Basi tumbo analitupa. Ametoa shilingi 240, na ngozi anayoitumia ni futi 17. Gawanya 240 kwa 17. Utapata shilingi 14 na senti 12. Kumbe kila futi aliyoitumia imemgharimu zaidi ya shilingi 14, na mwenzake aliyenunua mgongo mrefu amelipa 13. Rahisi huvunja upishi.

Mtu wa pili anasema: "Mimi nataka kilicho bora." Ananunua kipande cha nyuma. Akifika nyumbani anakipima, anaona urefu wake ni futi 4 na nusu. Ukanda wa futi 5 hautoki hata mmoja. Atalazimika kuunga vipande viwili. Maungio huongeza kazi ya kushona, na pale penye maungio ndipo ukanda unapoweza kukatika. Huyu naye amepoteza, ingawa ngozi yake ni nzuri kuliko zote.

Lakini ngoja. Mtu wa tatu anatengeneza vile vikanda vifupi vinene vya kufungia mshipi wa tumbo. Vikanda hivyo vinabeba tandiko na mtu wake, kwa hiyo lazima viwe vya ngozi bora kabisa. Bega halifai, tumbo halifai. Akinunua mgongo mrefu kwa shilingi 221 na kuliacha bega, ngozi anayoitumia ni futi 11. Gawanya 221 kwa 11. Kila futi imemgharimu zaidi ya shilingi 20. Mtu huyu afadhali alipe shilingi 16 anunue kipande cha nyuma. Kwake yeye, kile cha bei ya juu ndicho rahisi.

Na mtu wa nne? Huyu ana kiwanda kikubwa chenye kazi za kila namna. Hatamu anatengeneza, vikanda vifupi anatengeneza, na vitu vidogo pia. Yeye anunue upande mzima. Tumbo lake lote, futi 7, limemzidishia shilingi 19 tu, maana 240 ukitoa 221 zinabaki 19. Ni chini ya shilingi 3 kwa futi moja. Tumbo hilo atalitia ndani ya vitu visivyovutwa: bitana, vipande vya kujazia, na vifuniko.

Mmeona? Ngozi ni ile ile, na bei ni zile zile, lakini watu wanne wamepata majibu mbalimbali. Fundi hawezi kujua ngozi ipi ni rahisi mpaka ajue kwanza ukanda wake una urefu gani, na unabeba nini.

Mtu mwenye kisu

Katika viwanda vya Walsall mkataji alikuwa mtu wa heshima. Mshonaji akikosea, mshono huweza kufumuliwa. Mkataji akikosea, ngozi haiungiki tena. Tena ngozi ndiyo iliyokula sehemu kubwa ya gharama, kwa hiyo faida ya bwana mwenye kiwanda ilikuwa katika kisu cha mtu yule.

Kwanza aliikunja ngozi kwa mkono, sehemu baada ya sehemu, uso wa nje ukiwa ndani. Mahali palipofanya mikunjo mikubwa iliyolegea, alijua nyuzi zake zimeachana. Mahali palipofanya mikunjo midogo midogo iliyobana, alijua ni pazuri. Ndipo alipoinyoosha juu ya meza, akaipigia mstari ulionyooka kwa kufuata uti wa mgongo, maana ukanda unaokatwa sambamba na mgongo huvutika kidogo kuliko unaokatwa kukingama.

Alianza na kanda zilizo ndefu, pale pale kwenye mstari wa mgongo. Za urefu wa kati zilifuata, na vidogo vilikuja mwisho. Mtu akianza na vidogo, ataharibu urefu, na urefu ulioharibika haurudi. Kanda mbili za vikuku alizikata jirani, moja kando ya mwenzake, ili zivutike sawa. Hata hivyo, mpandaji hupanda farasi kwa upande wa kushoto, na ukanda wa kushoto huvutwa zaidi. Kwa hiyo wapandaji wenye busara huzibadilisha mara kwa mara, ya kushoto wakaitia kulia.

Vipande vilivyobaki vilitafutiwa kazi. Vilifanywa vipete vidogo vya kushika ncha za kanda. Hata takataka za ngozi zilikuwa na kazi: wahunzi wa zamani waliziunguza pamoja na vyuma ili kuufanya uso wa chuma uwe mgumu.

Ukanda uliokatwa ulipelekwa kwa washonaji. Wengi wao walikuwa wanawake, na wengine walishona nyumbani kwao, kwa msharasi, uzi wa katani na nta. Malipo yao yalikuwa chini ya malipo ya wanaume. Ni haki tuwakumbuke, maana mshono wao ulibeba uhai wa mtu sawa na ngozi ya mkataji.

Makovu juu ya ngozi

Mkataji alikuwa na adui wengine ambao hakuwaona kamwe. Kuna inzi mmoja wa ng'ombe ambaye mabuu yake huingia mwilini, yakasafiri, mwishowe yakatoboa ngozi ili yatoke. Nayo hutoboa wapi? Mgongoni, pale pale penye ngozi bora. Huko Uingereza inzi huyo aliwasumbua wafugaji na watu wa ngozi kwa miaka mingi, mpaka alipopigwa vita na kufutwa kabisa karibu na mwisho wa karne ya 20.

Adui wengine ni sisi wanadamu. Mtu humpiga ng'ombe wake chapa ya moto juu ya paja, na paja lile limo katika kipande cha nyuma. Waya wa miiba, ambao Joseph Glidden wa Marekani alipewa hati yake mwaka wa 1874, ulichana ngozi nyingi. Na mchunaji mwenye haraka huikwaruza ngozi kwa kisu upande wa ndani, na baada ya mwaka mzima wa kudabaghi kovu lile linatokea, ukanda unakatika hapo.

Wafugaji mnaonisikiliza, jambo hili linawahusu ninyi hasa. Ngozi ikichunwa vibaya, au ikianikwa chini juani badala ya kuwambwa kivulini, bei yake huanguka. Mkataji wa mbali haijui sura yako, lakini anaiona kazi ya mkono wako.

Siku za vita

Katika miaka ya 1899 mpaka 1902 Waingereza walipigana na Makaburu huko Afrika ya Kusini. Farasi zaidi ya 300,000 wa upande wa Waingereza walikufa katika vita vile, wengi kwa njaa, maradhi na kuchoka. Wanyama waliokufa walihitaji badala yao, na matandiko yaliyoharibika vilevile. Walsall ilipata kazi nyingi.

Mwaka wa 1914 vikaja Vita Kuu vya kwanza. Mwanzoni mwa vita jeshi la Uingereza lilikuwa na farasi wapatao 25,000. Katika muda wa majuma mawili hivi, wengine zaidi ya 100,000 walichukuliwa kwa wenyewe na kulipiwa. Sasa tufanye hesabu nyingine. Kama kila farasi katika hao 100,000 anahitaji hatamu mbili, na kila moja ina futi 5, tutahitaji ngozi ya urefu gani? Ni futi 1,000,000. Maili moja ni futi 5,280. Kwa hiyo hatamu hizo zikiungwa zitafika maili 189. Ni mbali kuliko kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro, na hizo ni hatamu tu. Bado kanda za vikuku, mishipi ya tumbo, na kanda za farasi wavutao mizinga.

Wakati wa haja kubwa namna ile ndipo kishawishi kinapokuja. Ngozi ni chache, bwana anataka mali upesi, na tumbo liko pale pale mezani. Likipakwa mafuta na rangi, linafanana na mgongo. Nani atajua? Atajua askari aliye juu ya farasi, siku ukanda utakapokatika. Ndiyo maana majeshi yaliweka vipimo vyao, na wakaguzi wa kuvitazama vitu kabla ya kupokelewa.

Vita hivyo vilifika na kwetu, kuanzia mwaka wa 1914 mpaka 1918. Farasi na nyumbu walioletwa hapa walikufa wengi kwa mbung'o. Mnyama alipokosekana, mzigo uliwekwa juu ya kichwa cha mtu. Wapagazi wetu wengi sana walikufa kwa njaa, maradhi na kazi. Jina la Kariakoo, katika Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi hao.

Motokaa ilipokuja

Baada ya vita, motokaa na trakta zilishika kazi za farasi. Watu wa Walsall wangeweza kukaa chini na kulia. Wengine walifunga milango, lakini wengi waligeukia vitu vyepesi vya ngozi: mikoba, pochi, mishipi na mifuko ya fedha. Kwa kazi hizo mtu hahitaji ukanda wa futi 5 wa kubeba askari. Sehemu ambazo mtengeneza hatamu alizikataa ziliweza kupata kazi njema. Mwaka wa 1988 mji ulifungua makumbusho ya ngozi. Matandiko bado yanatengenezwa pale, ingawa mafundi si wengi kama zamani, na mkataji wa leo hufuata uti wa mgongo kama wa jana.

Mwisho wa somo

Basi, wasikilizaji, tukusanye maneno yetu. Fundi mwema hasemi kwamba ngozi ya tumbo ni mbaya. Kila sehemu ya ngozi ina kazi yake, na kuitupa ni ubadhirifu. Lakini kila sehemu iwekwe mahali pake. Tumbo likae mahali ambapo likilegea hakuna atakayeumia. Mgongo ukae mahali ambapo mtu ameweka uhai wake. Fundi anayebana matumizi hutafuta kazi kwa kila kipande. Anayeiba humpa mtu tumbo na kumwambia ni mgongo. Kwa macho wanafanana, na fundi peke yake ndiye ajuaye alichokikata.

Nawe mnunuzi, siku utakapokwenda kununua mshipi, au ukanda wa punda, au kamba ya ngozi ya nira, usiulize bei tu. Uukunje ukanda mkononi, uuvute, uutazame ukingo wake. Kisha muulize fundi: "Bwana fundi, hii umeikata wapi?" Fundi mwaminifu atafurahi kuulizwa.

Maswali ya kujibu darasani

1. Kwa nini ngozi ya tumbo huvutika kuliko ngozi ya mgongo?

2. Fundi ananunua upande wa futi za mraba 20 kwa shilingi 12 kila futi. Tumbo ni futi 5, naye analitupa. Kila futi aliyoitumia imemgharimu shilingi ngapi?

3. Kwa nini mkataji huanza na kanda ndefu?

4. Katika kijiji chenu, ni vitu gani vya ngozi vinavyobeba uhai wa mtu au mzigo mzito? Vimekatwa katika sehemu gani ya ngozi?

Jibu la swali la pili ni shilingi 16. Asiyelipata na arudie hesabu ya mtu wa kwanza. Mpaka juma lijalo, kwaherini.